Wifi Mbele ya Kamera

Binti yangu alipotangaza kwamba katika video yake ya hip-hop hakutakuwa na gari hata moja, kijana wa kamera aliweka kikombe cha chai mezani kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Hip-hop bila gari?" aliuliza. "Si hiyo sasa ni kwaya?"

Walikuwa sebuleni kwangu hapa Voi, wote wawili wanafunzi wa chuo, wakipanga kazi yao ya muhula. Kijana alikuwa amekwisha kuzungumza na dereva mmoja wa lori kule Miasenyi ili wapige picha juu ya boneti. Binti yangu alikataa. Hakutaka lori, wala mikufu, wala wasichana wa kukata viuno. Kisha akasema jambo lililoniinua macho kutoka kwenye madaftari niliyokuwa nikisahihisha: yeye mwenyewe hataonekana. Sauti itakuwa yake, lakini mdomo utakaotamka maneno utakuwa wa mama mtu mzima, amesimama tu, anaitazama kamera bila kucheka.

"Mama gani?" kijana akauliza.

Nilivua miwani. Wimbo ule niliujua wote. Ukuta kati ya chumba chake na changu ni mwembamba, na jioni baada ya jioni nilikuwa nimemsikia akiurudiarudia mpaka ukaniingia kama sala. Vesi ya kwanza ndiyo iliyonishika zaidi:

*Kilima kina kiu, yeye ndiye bomba,*
*ndoo kichwani, shingo haijaomba.*

Angekuwa nani mwingine? Maji yanapokatika mtaani kwetu, ni mimi ninayepanga foleni na mitungi kabla ya kwenda kufundisha.

"Shangazi wa Sagalla," binti yangu akajibu.

Nilivaa miwani tena, nikaweka alama ya vema kwenye jibu ambalo halikuwa sahihi.

"Kwa nini yeye?" niliuliza, nikijitahidi sauti iwe ya mtu anayeuliza tu.

"Wimbo ni wake, Mama. Si unakumbuka zile likizo?"

Nilizikumbuka. Walimu wengi wa rika langu tulipata shahada kwa njia hiyo: muhula tunafundisha, likizo tunasoma. Kila shule zilipofungwa mimi nilipanda basi kwenda chuo kikuu, naye alipandishwa kilimani Sagalla kwa dada ya baba yake. Sijutii, shahada ile ndiyo inayomlipia karo hadi leo. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba wakati mimi nikikariri nadharia za malezi, yeye huko juu alikuwa akikusanya mashairi, na kwamba yote yangekuwa ya mwanamke mwingine.

Wivu wa mawifi una sifa mbaya, nami nilikuwa nimejihesabu kuwa msomi aliyeuvuka. Jumamosi tulipokwenda Sagalla kufanya majaribio, nilikunja leso kuukuu na kuitia mkobani. Nilijiambia ni ya kujikinga na vumbi la bodaboda.

Wifi yangu alitupokea mlangoni akiwa amevaa suti ya zambarau ya kanisani na viatu vyenye visigino.

"Karibu, wifi! Umekuja kunishikia mkoba? Siku hizi mimi ni staa."

"Nimekuja kuona kama staa amepika," nikamjibu, naye akacheka kwa sauti ile inayofika kwa majirani.

Kijana wa kamera hakucheka. "Auntie, suti ni kali, lakini sisi tunataka leso ya shambani. Ile imechakaa. Na viatu utoe."

"Nitoe viatu! Kenya nzima ione sina viatu, na nimevinunua mwenyewe?"

Hapo nikaona mwanya. Akikataa leso, watahitaji mwanamke mwingine, na mwanamke mwingine alikuwa amesimama hapo na leso mkobani.

"Wifi, usikubali," nikasema, nikiijaza sauti yangu huruma. "Mimi ningekuwa wewe, nisingefungua hata kifungo. Heshima ya mtu haichezewi."

"Umemsikia mwalimu?" akamwambia kijana. "Suti haitoki."

Binti yangu aliketi juu ya mtungi uliopinduliwa, akafikiri. Nilingoja anigeukie. Badala yake alianza kutabasamu, akimwangalia shangazi yake kutoka viatuni hadi utosini.

"Shangazi ako sawa," akasema. "Tumekataa magari na dhahabu, halafu tumekimbilia umaskini. Kila mtu akija kushuti kijijini anavua watu viatu. Hiyo pia ni kopi. Abaki na suti yake, na ndoo kichwani."

Walimtwika ndoo. Kijana akachungulia kwenye kamera, akapiga mluzi. Nami nilichungulia. Zambarau ile mbele ya mawe makavu, shingo ile iliyonyooka: alionekana kama mtu aliyepewa kilima kwa urithi. Nilikuwa nimempamba kwa mkono wangu mwenyewe.

Yalibaki maneno. Wimbo ulipopigwa kwenye simu, wifi yangu aliyavuta kwa mwendo wa tenzi za ibada, biti ikamwacha, akafika "bomba" wakati sauti ya binti yangu imekwisha kuvuka vesi. Walirudia mara kadhaa. Mwishowe akatua ndoo.

"Mpeni mama yake," akasema, bila kejeli yoyote. "Tangu tuanze namwona hapo midomo inamcheza. Anayajua yote."

Wote walinigeukia. Sikuwa na habari kwamba midomo yangu ilikuwa ikicheza. Binti yangu alinitazama, akamtazama shangazi yake, kisha akatazama chini. Ningesema ndiyo, angekubali. Angekubali kwa adabu, kama mgeni anavyokubali kinywaji ambacho hakukiomba, na video ingepigwa, nami ningesimama mle kila mara ikichezwa, nikijua.

"Nitamfundisha," nikasema.

Nilisimama kando ya kamera, nikamwambia wifi yangu asisikilize simu, anitazame mdomo tu. Nilitamka mstari kwa mstari, naye akanifuata, na kila alipopatia alinikonyeza. Alipatia haraka kuliko nilivyotaka. Mstari wa ndoo kichwani, ule niliokuwa nimeupenda kuliko yote, aliutamka taratibu, kwa uso uliotulia, nikaona binti yangu akifuta macho kwa kiganja.

Jua lilikuwa limehamia mgongoni kwangu.

"Mama, sogea kidogo," binti yangu akaniita. "Kivuli chako kimeingia kwenye picha."

Nilitazama. Kilikuwa kimelala chini mbele ya viatu vya wifi yangu, kichwa changu kikivigusa nchani.

Nilisogea, lakini si haraka.