Ngoma ya Kushindilia Uwanja

Harufu ya maji yanapomwagwa kwenye mchanga wa moto hunirudisha, hata leo nikiwa bibi mwenyewe, kwenye uwanja wa ndege wa shamba la mkonge karibu na Tongoni. Nauita uwanja kwa heshima tu. Kilikuwa kipande cha mchanga uliosawazishwa, mbuzi wakijilalia katikati.

Masika yale mama alikuwa amelazwa Tanga mjini, amepasuliwa tumbo, na mvua zilikuwa zimebeba daraja. Jua lilipotoka, rubani wa shamba akakubali kumleta kwa kindege chake. Ila alionya: atagusa ardhi kwa magurudumu kwanza, na akiona yanazama atapaa tena arudi naye mjini.

Bibi yangu, mzaa mama, akajiandaa kama anayepokea bibi harusi. Yeye na wanawake wenzake waliufagia uwanja, wakaumwagia mchanga mpya mweupe kutoka pwani. Ulipendeza, wallahi! Mzee Kombo, mlinzi wa uwanja, alipokanyaga akazama hadi kifundo.

"Bi Mwanaidi, umemtandikia mwanao godoro! Ndege haitaki godoro."

Bibi hakubishana. "Haya wenzangu, tuupige kama sakafu."

Kwetu sakafu ya chokaa ilishindiliwa kwa nyimbo. Basi maji yakaletwa kwa madebe, ngoma zikalia, nasi tukajipanga, wanawake na watoto, tukikanyaga kwa vishindo. Bibi alitangulia, kanga kiunoni, akiimba nyimbo ambazo sisi watoto hatukupaswa kuzisikia. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Kindege kikaja. Magurudumu yakagonga, mchanga ukaruka, kikadunda kama mpira. Bibi akanibana mkono. Kikagonga tena, na pale tulipocheza ardhi ikashika. Kule mwisho, ambako ngoma haikufika, gurudumu moja likazama, ndege ikazunguka upande na kusimama. Vigelegele vilivyopigwa! Mama akashuka, amekonda, anacheka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umechelewa?"

Jioni nilimkuta Bibi ameloweka miguu katika maji ya chumvi, nyayo malengelenge matupu. Nikamuuliza mbona hakupumzika kama wenzake. Akasema ngoma ilinoga, nami nikaamini.

Miaka mingi baadaye binti yangu alilazwa hospitali, hatujui kama atapona. Nilishinda nikifagia uani, palepale nilipokwisha kufagia, huku nikiimba kwa sauti kubwa. Jirani akachungulia, akaniuliza nina sherehe gani. Nikamjibu kama Bibi: ngoma imenoga.