Neno la Kumi la Shumel

Shumel Basri alikuwa mtumishi wa sinagogi yetu mjini Baghdad. Kazi yake ya kila asubuhi ilikuwa kupita vichochoroni akigonga milango, hadi wapatikane wanaume kumi. Wakipungua, sala ya marehemu haisaliwi. Kwetu watu hawahesabiwi kwa tarakimu. Shumel alisoma aya yenye maneno kumi, kila kichwa neno lake.

Mwaka ule Wayahudi wa Iraki walipokuwa wakihamia Israeli, milango mingi haikuitika tena. Hata hivyo, juma moja kabla ya kumbukumbu ya kwanza ya kifo cha mkewe Habiba, Shumel alimfukuza Naji, mcheza kamari.

“Toka! Unanuka araki mpaka Torati inajifunika!”

“Basi uhesabu mlango, Abu Shauli,” Naji alijibu, akimwita kwa jina la mwanawe. “Nao upo hapa kila siku, na haunywi.”

Wote walicheka, isipokuwa Shumel.

Asubuhi ya kumbukumbu alisoma aya yake. Maneno tisa yalipata vichwa. La kumi likabaki kinywani.

“Naji yuko wapi?” aliuliza Hakhamu Murad, kiongozi wetu wa dini.

“Nilimfukuza, Hakhamu. Mwovu yule.”

Mzee alifumba macho. “Unajua kumi hawa tumewatoa wapi? Kwa wapelelezi kumi waliorudi kutoka Kanaani wakawavunja watu moyo. Mungu aliwakasirikia, lakini akawaita *edah*, mkutano. Na shina la neno lenyewe ni miadi tu: watu walioitwa mahali, wakafika. Hakuna aliyesema wawe wema.”

Shumel alitoka mbio, shali ya sala ikiburutika vumbini. Mlangoni kwa Naji alimkuta Umm Salim, jirani, akifagia.

“Umechelewa, Abu Shauli. Jana wamempakia kwenye ndege. Alikuwa akiniuliza kama bado umenuna.”

Aliporudi, wale wengine walikuwa wamesimama, tayari kuondoka. Nao walikuwa na vyeti vya safari vya kufuatilia.

“Soma Zaburi, mwanangu,” Hakhamu alisema. “Hiyo husomwa hata na mtu mmoja.”

Binti wa Shumel, aliyenisimulia haya, alikuwa amesimama kwenye roshani ya wanawake. Alimwona baba yake akiisoma aya ile upya, akimnyooshea kila mmoja kiganja. Baada ya neno la tisa alikigeuza kiganja kuelekea mlango. Midomo ilianza neno la kumi, kisha akaifunga.

Habiba hakusaliwa siku ile.