Mama Mkwe na Radio Call

Wewe msomaji, umewahi kuipa mashine mgongo kwa heshima?

Juzi nilikuwa ofisi ya radio call, ile simu ya upepo, bandarini Mwanza, naomba kazi. No vacancy, kama kawaida. Akaingia mama wa Kisukuma. Binti yake yuko kijijini Ukerewe, mjamzito, miguu imevimba, na mkwe, mume wa binti, anataka azalie nyumbani. Mashine ikakoroma, ikatoka sauti ya mkwe kutoka zahanati ya huko. Mama akageukia ukuta upesi, akajifunika kanga usoni.

"Mama, bonyeza uongee!" akafoka mwendeshaji.

"Niongee na mkwe? Thubutu! Kwetu ni mwiko. Wewe kijana, nisemee. Amlete kwa meli ya kesho, hospitali."

Nikabonyeza. Ndiyo kazi ya kwanza ya degree yangu, tena bila mshahara. "Mama mkwe anasema mlete mkeo kesho, over!"

Mashine ikakoroma tena: "Yupo hapo? Basi tunakuja. Mpe shikamoo, over."

"Marahaba," mama akauambia ukuta.

Cheka, lakini tulibahatika, maana mwendeshaji hakuwa ameenda chai. Wakubwa wa simu mnaotuimbia soko huria, mimba haisubiri tenda. Pelekeni simu kijijini kwa yule binti, mwaka huu huu!