Muuguzi Aliyechemsha Mkojo
Odilia alikuwa muuguzi mkunga katika kituo kimoja cha afya njia ya Mlimba. Damu haikumtia kinyaa, wala kondo la nyuma. Waliomtia kinyaa ni watu.

Asubuhi moja ya masika, mwaka tisini na sita, alikuta wahudumu wawili mlangoni mwa wodi, wameziba pua kwa kanga. Sakafuni mwanamke alikuwa akikakamaa na kutokwa povu.

"Kajikojolea huyo," mmoja akasema. "Ukigusa povu, kifafa kinakuhamia."

"Basi kaeni huko huko!" Odilia akapiga magoti, akamlaza mgonjwa ubavu, akamfuta mdomo.

Mgonjwa aliitwa Minza. Alikuwa amejifungulia nyumbani siku tatu nyuma, huko kwa wafugaji nje ya Mchombe. Mumewe, Mashimba, ndiye aliyemleta kwa mkokoteni wa ng'ombe.

Gaudensi, mganga wa kituo, alichungulia akiwa na kikombe cha chai mkononi. Hakuinama. "Malaria imepanda kichwani. Mtundikie dripu ya kwinini." Akaandika cheti, akaenda zake. Kwake yeye, kila aliyedondoka na kutetemeka alikuwa na malaria. Odilia alihisi mate machungu yamemjaa mdomoni, kama aliyeuma nyama iliyovunda.

Hakutundika kitu. Alimchoma Minza sindano ya valiamu, na mwili ulipotulia akaanza kupima. Homa hakuna. Shingo ilipinda bila kukakamaa, basi si homa ya uti wa mgongo. Damu aliitazama kwenye hadubini mara mbili, hakuona kijidudu cha malaria hata kimoja.

"Baba, mkeo aliwahi kuanguka hivi tangu utotoni?"

"Hata siku moja, mama. Ila tangu juzi analia kichwa, anasema anaona vimulimuli mchana kweupe."

Odilia akabonyeza miguu ya Minza; kidole kikaacha shimo. Akamfunga mkanda wa presha: mia na themanini, chini mia na ishirini. Mwisho akachukua mkojo wake, akauchemsha kwenye bomba la kioo juu ya taa ya spiriti. Ukaganda, mweupe kama ute wa yai lililoiva; mkojo wa mtu mzima wa afya haugandi hivyo.

Akalipeleka bomba mpaka mezani kwa Gaudensi.

"Hiki ni kifafa cha mimba."

"Mimba gani, na mtu kashazaa?"

"Hata aliyekwisha kuzaa kinamkamata."

"Sista, niondolee uchafu wako hapa."

"Uchafu ni hicho cheti ulichoandika bila kumgusa."

Hakungoja ruhusa. Yunusi, mwenye duka, alikuwa akipakia mpunga kwenye gari lake. Aliposikia habari akashusha magunia, akawabeba mpaka Ifakara. Hospitalini madaktari walipima upya, wakakuta ni kilekile. Minza alilazwa siku tisa, akapona.

Baada ya mwezi alirudi na mumewe, mtoto mgongoni na jogoo mkononi. Mashimba akampa jogoo "daktari". Gaudensi akampokea kwa mikono miwili. "Mimi nilishaushuku ugonjwa ule tangu mwanzo," akasema, vidole vikipapasa manyoya.

Odilia alivitazama vidole vile. Akamshika Minza mkono, akamwingiza chumbani, akamfunga mkanda wa presha.

"Ukishika mimba nyingine, njoo kwangu mapema. Usingoje uchungu."

"Nitakuja, mama." Minza akashusha sauti. "Jogoo alikuwa wako."

"Nyamaza kwanza," Odilia akamwambia, "nasikiliza mapigo."