Elmina na Kifurushi Kisicho na Fundo

Wale waliochuma majani ya chai upande wa Kericho miaka ile, mashamba yakiwa bado mapya na msitu ukiendelea kukatwa, wanamkumbuka Elmina kwa jinsi alivyokuwa akifunga vitu. Kaa karibu nikueleze, maana ni katika kufunga huko maisha yake yalipogeukia.

Alikuja kambini na mumewe Gekara kutoka milima ya Kisii. Homa ya mapafu ikamchukua Gekara kabla hawajazoea baridi ya huko, na Elmina akabaki peke yake. Mtoto wao mmoja, msichana aliyeitwa Atuti, alikuwa ameachwa nyumbani kwa mama mkwe. Ukimsikia Elmina akitaja kesho, ujue anamtaja Atuti. Mvua zikiisha nitamwendea. Mvua zikiisha nitakaa naye. Ni hilo lililomtoa kitandani asubuhi kipande cha reli kilipogongwa kuita watu kazini.

Sasa, kutoka kambini kwenda soko la Litein kulikuwa na njia moja, na njia hiyo ilivuka kijito chini ya msitu. Hapo kwenye kivuko watu walikuwa wakinyang'anywa. Leo blanketi, kesho kuku. Aliyenyang'anywa aliambiwa kwamba akisema atachomewa ndani ya nyumba, na kwa vile nyumba zilikuwa za nyasi, alinyamaza. Wakanyamaza wengi. Kisha wakamuua Aoko.

Aoko alikuwa mjane wa upande wa ziwa, muuza omena, wale dagaa wa huko. Hakupima kikombe bila kuongeza kiganja juu, na kila mtoto wa kambi alijua sauti yake.

Mchana ule Elmina alikuwa juu ya mteremko akikata kuni. Alisikia kelele, akachungulia kati ya majani. Aliona wanaume wawili asiowajua wakivuta kapu la Aoko. Aliona wa tatu amesimama njiani akitazama huku na huku, amevaa koti refu la kaki. Huyo alimjua. Alikuwa Osoro, askari wa kambi, mtu aliyepewa rungu awalinde. Aoko alimshika Osoro koti, na rungu likashuka. Elmina alijiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Aliwaona wakificha kapu chini ya mti ulioanguka, wakaenda. Aliposhuka, Aoko alikuwa amelala kifudifudi majini, na katika kiganja chake mlikuwa na kifungo cha shaba. Elmina akakichukua. Alijua Osoro akigundua atarudi kukitafuta.

Utauliza, kwa nini hakupiga yowe? Boma la kina Osoro na boma la mama mkwe wake yaligawana ua mmoja. Ndugu zake Osoro walikuwa wakimwona Atuti kila siku akienda kuteka maji. Na Osoro mwenyewe, kila alipopita mlangoni kwa Elmina, alimwita shemeji.

Aoko alizikwa. Osoro alikuwa miongoni mwa waliobeba maiti.

Siku ya ibada, mwalimu wa kanisa, aliyeitwa Alfayo, alisimama mbele ya watu. Pale kanisani sadaka haikuwa fedha. Watu walileta mahindi, mayai, maharagwe, wakatia katika kapu kubwa la kuchumia majani lililokaa karibu na mlango, limefunikwa kitambaa.

"Anayejua kitu na anaogopa," Alfayo akasema, "akiweke humo pamoja na sadaka. Sitauliza ni nani. Nitawapa mgongo mpaka wa mwisho apite."

Elmina alirudi nyumbani akafikiri juma zima. Ibada iliyofuata alikuja na kifurushi kidogo. Alikuwa amekifunga kifungo cha koti kwa jani kavu la mgomba, lile lililoleta wimbi kutoka nyumbani. Wanawake wa huko kwao hufunga mbegu ya wimbi hivi: uzi wa mgomba unazungushwa mara mbili, kisha mkia wake unaingizwa chini bila kupigwa fundo, ili siku ya kupanda uvute mara moja tu. Elmina hakulifikiria hilo. Mikono ilifanya ilichozoea. Lakini pale kambini watu wa ziwani walifunga kwa kitambaa, Wakipsigis, wenyeji wa huko, walileta kwa kibuyu, na wanawake wa kufunga kwa namna ile walikuwa wawili tu: yeye, na rafiki yake Phelis.

Alfayo alikigusa akasikia kitu kigumu ndani. Hakukifungua. Alitaka Mzungu wa shamba akione kama kilivyokuja, asije akasema mwalimu ametia kitu chake. Akakipeleka mpaka barazani kwa Mzungu, na barazani pale aliyesimama zamu alikuwa Osoro. Osoro aliutambua uzi kabla kifungo hakijatoka.

"Ni changu, bwana," akasema kwa utulivu. "Kilikatika siku tulipombeba yule mama."

Mzungu akamwambia Alfayo asimsumbue tena kwa vifungo.

Phelis, ndugu zangu, alikuwa na mdomo. Siku chache nyuma, mbele ya watu wote kwenye mizani ya kupimia majani, alikuwa amemwambia Osoro, "Koti lako limeng'oka jino. Limemuuma nani?" Watu walicheka, naye Osoro akacheka nao. Ulikuwa mzaha tu. Phelis hakujua lolote. Lakini Osoro alipouona uzi ule, hakujiuliza mara mbili.

Walimkuta Phelis kati ya mistari ya majani, mkono wa kulia umevunjwa juu na chini. Elmina alikaa naye, akimpa uji kwa kijiko.

"Aliniuliza nani alinifundisha kufunga," Phelis akanong'ona. "Nikamwambia, mamako."

"Nyamaza, umeze."

"Mimi sikufunga kitu, Mama Atuti." Akamtazama muda mrefu. "Amesema atarudi kumaliza."

Elmina akachota uji mwingine.

Asubuhi reli ilipogongwa na watu wakapanga mstari, Elmina alitoka akasimama mbele ya nyapara, mzee Ojwang.

"Kile kifurushi nilifunga mimi," akasema. "Phelis hajui kitu. Nilikuwa juu nikikata kuni, nikamwona Osoro akimpiga Aoko."

Osoro akasogea. "Shemeji, tangu ndugu yetu Gekara afe huna akili nzuri. Nenda ukapumzike."

"Kapu la Aoko liko chini ya mti ulioanguka, juu ya kivuko. Tumeni watu wakaangalie. Huyu asitoke hapa."

Ojwang alituma watu. Wale waliobaki, bila kuambiwa na mtu, walimzunguka Osoro. Kapu lilikuja, na ndani yake mlikuwa na kile kikombe cha kupimia omena. Osoro akafungwa mikono. Alipopita mbele ya Elmina alisema kwa sauti ya chini, "Nyumbani watasikia, shemeji."

"Najua," Elmina akajibu.

Osoro alipelekwa Kericho mjini, hakuonekana tena. Wenzake wawili hawakupatikana kamwe. Mkono wa Phelis uliunga ukiwa umepinda, na asiyeweza kuchuma hakukaa kambini. Elmina alimsindikiza mpaka kivukoni.

Kisha mama mkwe akatuma neno kwa mpita njia: usije. Ndugu zake Osoro wanauliza mtoto huyu ni wa nani. Nimewaambia ni wangu, hana mama mwingine.

Mvua zikaisha. Elmina hakwenda.

Siku moja Jerusa, binamu yake Aoko, alimjia na majani ya mgomba kwapani. "Dada, nifundishe kufunga kwenu," akasema. Akamfundisha. Jerusa akawafundisha wengine, mpaka Wakipsigis wakaacha vibuyu vyao nyumbani siku ya ibada. Kapu la Alfayo likawa linajaa vifurushi vinavyofanana hivi kwamba mwenye chake asingekitambua. Humo mlitoka habari nyingi miaka iliyofuata, na Alfayo alijifunza kufungulia nyumbani kwake. Sokoni nako wakaanza kwenda kwa kundi, asiachwe mtu nyuma ya kivuko.

Elmina alizeekea pale. Mwishoni alikuja mwanamke mmoja, akasimama mlangoni kama mgeni, akamwamkia kama unavyomwamkia mama yeyote. Alikuwa Atuti. Alisema nyanya yake amefariki, na kwamba kabla ya kufa alimwagiza alete kitu. Akakitoa: wimbi, katika jani la mgomba, uzi mara mbili, mkia chini.

"Utalala?" Elmina akauliza.

"Mume wangu ananingoja Litein."

Akanywa uji akiwa amesimama, akaaga. Elmina alikaa na kile kifurushi mapajani. Kilihitaji kuvutwa mara moja tu. Jerusa alipokuja jioni alimkuta ameshika mkia wa uzi kati ya vidole viwili, hajavuta.