Siku Mama Futi Alipokubali

Mtaa mzima ulimjua Mama Futi kwa mambo mawili: mshono ulionyooka na ubishi usiokwisha. Jina lake lilitokana na futi ya kupimia iliyokaa shingoni mwake kuanzia asubuhi. Mteja akija na vipimo vyake vya nyumbani, alipimwa upya, na maneno juu. Mumewe, fundi viatu aliyefanya kazi mlangoni pa chumba alichoshonea mkewe, alikuwa na miaka ishirini na sita ya ndoa na hajawahi kushinda mabishano hata mara moja. Habari hiyo aliisimulia kwa majivuno, kana kwamba ushindi ulikuwa wake.

Mama Futi alikuwa na kisukari, akijichoma insulini tangu ujana. Zamani sukari ikishuka, mwili wenyewe ulipiga kelele: jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio. Miaka ilivyosonga, kelele zile zikafifia. Muuguzi wa kliniki aliwaambia wote wawili bila kuzunguka.

"Ubongo unaishi kwa sukari, na akiba yake ni ndogo mno. Damu ikiishiwa sukari, akili inaanza kupotea njia, na mwenyewe hajui, maana cha kumjulisha ndio huo huo ubongo. Baba, itafute dalili yake wewe."

Baba aliitafuta, akaipata, akanyamaza nayo. Nani angemwamini?

Kisha akaja mwalimu na kitambaa alichoachiwa na marehemu mama yake, kipande kimoja tu, cha kumshonea binti yake gauni la harusi. Mwalimu alitaka mikono mifupi. Mama Futi alikataa: ukikata pale, ua lililofumwa kwenye kitambaa linakatika katikati. Walivutana wiki tatu.

Alhamisi mchana fundi viatu alirudi kutoka kupeleka viatu vya mteja. Sahani ya mkewe bado ilikuwa imefunikwa, na sindano ya insulini alikuwa ameshajichoma. Mwalimu alikuwa ameshachora mstari kwa chaki.

"Nikate hapa, basi?" Mama Futi aliuliza, mkasi umefunguka mkononi.

"Hapo hapo."

"Sawa, mwalimu. Wewe ndiye unayejua."

Alisema hivyo ametulia kama maji mtungini. Fundi viatu aliruka kigoda chake, akaushika mkono wa mkewe, akautoa mkasi taratibu.

"Shemeji, vipi tena?" mwalimu alishangaa. "Si amekubali?"

"Ndiyo maana."

Alikoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye kikombe cha maji, akamshikia mkewe mpaka akamaliza. Mama Futi alikunywa bila neno, akitabasamu, na tabasamu lile lilimtisha mumewe kuliko kitu chochote. Akamtoboa kidole, akasoma kipimo: sukari ilikuwa chini mno. Wakasubiri dakika kumi na tano. Mwalimu alishikilia kitambaa cha mama yake kifuani. Maji yakimwagika hayazoleki, na kile kitambaa kilikuwa kimeponea chupuchupu.

Dakika hizo zilipotimia, Mama Futi alikaa wima. Macho yakatua kwenye chaki.

"Nani kachora upuuzi huu?"

"Mimi," alisema mwalimu. "Na wewe umekubali."

"Mimi? Nikubali hili?"

Mumewe alipima tena. Namba ilikuwa imepanda vizuri. Akamsogezea sahani, naye akala huku akiifuta chaki kwa kiganja. Alipomaliza alinyoosha mkono.

"Lete mkasi wangu."

Fundi viatu hakuuleta. Namba aliiona, lakini alikuwa na kipimo chake mwenyewe.

"Mke wangu," alisema polepole, "mimi naona mikono mifupi ingependeza zaidi."

"Wewe kashone soli zako."

Akamkabidhi mkasi.