Kwenye Yangu Inafunguka

Fundi wetu wa kompyuta hufuta kioo kwa pindo la shati kabla ya kusikiliza shida ya mtu, kana kwamba kila hitilafu ni vumbi. Kisha hugonga kibodi kwa vidole viwili na kusema, kwa sauti ya mtu aliyekuja kutoa pole, "Kwenye yangu inafunguka vizuri tu." Juzi alituwekea hapa zahanati programu mpya ya kuandikisha wagonjwa, nayo ikagoma: kuna faili linakosekana. Akaiweka upya, ikagoma vilevile. Watu wakajaa hadi mlangoni, mtoto mmoja akilia kwa homa. Yeye akafungua laptopu yake, akatuonyesha programu ikifanya kazi, akatabasamu kama aliyeshinda kesi.

Dada wa mapokezi hakubishana. Aliivuta ile laptopu upande wake, akaanza kuandikisha wagonjwa.

"Lakini dada, hilo faili limo humo humo. Nilitaka kulinakili."

"Watu wako kwenye foleni, kaka."

Fundi akaenda kusimama mwisho wa foleni, flashi mkononi. Zamu yake ilipofika, dada hata hakuinua macho.

"Jina la mgonjwa?"